Baiskeli Yaweza Kumlisha Mtu?

Rafiki yangu wa zamani, mwenyeji wa Sirisia katika nchi ya Bungoma, alinipigia simu mwezi uliopita akaniomba nifunge safari niende kumkanya mwanawe. Mimi na rafiki huyu tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta pale Majengo, Mombasa, siku zile yeye alipokuwa kuli wa bandarini nami ndio kwanza naanza kuandika magazetini. Mpaka leo huniita Ustadhi, ingawa ajua fika kwamba chuoni nilitoka na fimbo nyingi kuliko elimu.

“Ustadhi,” aliniambia, “mtoto amemaliza kidato cha nne. Nimemwambia nitauza ng’ombe nimnunulie pikipiki abebe abiria, akakataa. Asema yeye atakula kwa baiskeli. Tena si kwa kubeba watu, kwa kushindana! Njoo useme naye wewe. Mimi hanisikii.”

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu baiskeli ni chombo cha maalimu aliyekunja kanzu yake akaibana kwa kibanio cha nguo, au cha muuza mikate wa alfajiri. Mtu hupanda ili afike aendako. Kupanda kwa kushindana tumekuona siku za sikukuu, watoto wakifukuzana uwanjani, mshindi akapewa sufuria au leso ya kumpelekea mama yake. Kwamba mtu mzima aweza kutia sahihi karatasi, akalipwa mshahara kwa mwezi kwa sababu ya kukanyaga baiskeli, hilo nalijua kwa kulisoma, lakini kulijua jambo na kulikubali ni mambo mawili.

Basi nikaenda. Safari ya kutoka Mombasa sitaisimulia, kwani aliyewahi kukaa basini usiku kucha ajua, na asiyewahi namwombea Mungu amwepushie. Nilipofika nilipokewa kwa “Mulembe” nyingi, nikaitikia kwa hizo mbili tatu nilizofunzwa na rafiki yangu zamani, watoto wakanicheka. Sirisia ni nchi ya mahindi, migomba na kahawa, na upande wa kaskazini umesimama Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, ukiwa umejifunika mawingu kama bibi harusi. Mbele kidogo ni Lwakhakha, mto ambao ng’ambo yake ni Uganda. Barabara hazijui kulala tambarare. Zapanda, zashuka, zapanda tena.

Asubuhi yake nilimwona huyo mtuhumiwa. Alikuwa amefunga gunia la mahindi nyuma ya baiskeli kubwa nyeusi, zile ambazo bara huziita Black Mamba, chuma kitupu, haina gia, nayo peke yake ni mzigo. Akapanda nayo mwinuko ambao mimi mikono mitupu ningeukalia kitako katikati. Hakuteremka. Alisimama juu ya kanyagio, mabega yametulia, anakwenda kwa mwendo mmoja kama mtu anayekoroga uji. Pale nilianza kuona kwamba kesi yangu si nyepesi.

Kwani watu wa huku hawakuijua baiskeli jana. Jina lenyewe la boda boda, ambalo leo lasemwa hata mbali, lilizaliwa katika mpaka huu wa magharibi, pale Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo yao kutoka kituo cha Kenya mpaka kituo cha Uganda. Na wazee wa huku hawajasahau mambo ya Chepkube. Baridi kali iliiunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani kote, na mwaka 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ya Idi Amin ikawa yavushwa kwa magendo, kwa vichwa, kwa punda na kwa baiskeli, mpaka soko la Chepkube, upande huu huu wa mlima, likajaa fedha ambazo wengine hawakujua la kuzifanyia. Wako waliojenga, na wako waliokunywa. Baadaye, serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo, kwenye miaka ya 2007 na 2008, zikaingia kwa maelfu, na baiskeli ikabaki kwa asiyekuwa na njia nyingine. Ndiyo maana rafiki yangu aliona haya. Machoni pake, kijana anayekataa pikipiki akashika baiskeli ni mtu anayerudi nyuma.

Usiku tulikaa watatu baada ya chakula. Nikaanza kwa ile sauti ya shekhe wa ndoa: mwanangu, riziki hutafutwa penye njia. Kijana akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, “Mzee, wewe wamjua Chris Froome?”

Baba mtu akarukia, “Huyo ni Mwingereza!”

Nami, ambaye nilikwenda kuwa upande wa baba, nikajikuta nasahihisha. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Kweli ni mtoto wa wazungu, lakini ufundi wake wa kwanza hakuupata Ulaya. Mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, mpanda baiskeli mwenye nywele za rasta aliyekuwa akiwakusanya vijana nyumbani kwake kijijini huko Kikuyu, katika kikundi chao cha Safari Simbaz. Mtoto yule akawa analala huko, anakula sima pamoja na wenziwe, anajifunza kufungua mnyororo na kuziba mpira, na kufukuzana na watu wazima milimani. Mwaka 2006 aliiendeshea Kenya katika mashindano ya dunia kule Salzburg, Austria. Alikwenda peke yake, hana kocha hana fundi, na katika yale ya kukimbizana na saa, hata hajafika mbali akamgonga mwamuzi, wakaanguka wote wawili. Watu wakacheka. Mwaka 2008 alihamia chini ya bendera ya Uingereza, nchi ya baba yake, na mwaka huo huo akapanda Tour de France yake ya kwanza, wiki chache tu baada ya mama yake kufariki. Kisha akaishinda mara nne: 2013, ambayo ilikuwa ya mara ya 100 tangu ianzishwe, halafu 2015, 2016 na 2017.

Kila aliposhinda, sisi Wakenya tulimdai. “Ni wetu.” Mimi dai hilo halinipi furaha. Mtoto aliyehama kwa sababu nyumbani hakuna chakula, akanenepea kwa jirani, hatuna uso wa kusimama sokoni tukisifu mashavu yake. La kutuuma zaidi ni hili: katika vijana waliokuwa wakifukuzana na Froome kule Kikuyu, wako waliokuwa wakimwacha nyuma. Hao hawakuwa na pasipoti ya pili.

“Umesikia?” rafiki yangu akasema. “Pasipoti! Mwanangu hana.”

Kijana hakushindwa. Akanitajia jambo la mwaka 2008 ambalo nalijua, ila sikutaraji kulisikia Sirisia chini ya taa ya sola. Mpiga picha mmoja wa Singapore, Nicholas Leong, aliyeamini kwamba nchi inayozaa wakimbiaji kama hii haikosi kuzaa wapanda baiskeli, aliwachukua vijana wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka Ufaransa katika mlima wa Alpe d’Huez. Hawakuwa watu wa mashindano makubwa. Riziki zao zilikuwa kubeba abiria kwa baiskeli na kupiga watu viatu rangi. Mlima ule una kona 21 na karibu kilomita 14 za kupanda tu, na ndiko mabingwa wa Tour hupimana ubavu. Nderi aliupanda kwa dakika 42 na sekunde chache. Mabingwa wakubwa kabisa, wenye madaktari na baiskeli nyepesi kama kikapu, wamezoea kuupanda kwa dakika zinazokaribia 40. Kutoka hapo kikazaliwa kikosi cha Kenyan Riders, kambi yao ikawa Iten.

“Na kikosi hicho ndicho kilichomlea Kangangi,” kijana akasema, akanyamaza kidogo. Picha yake ilikuwa ukutani, imekatwa gazetini.

Hapa yafaa niseme kazi yenyewe ni kazi gani, kwani wengi wetu twadhani ni kukimbia tu, atanguliaye ashinde. Sivyo. Adui wa mpanda baiskeli ni upepo. Anayekwenda nyuma ya mwenziwe hupunguziwa yapata theluthi ya taabu. Kwa hiyo kikosi humteua mmoja awe wa kushinda, na wengine wote kazi yao ni kumkata upepo, kumletea maji kutoka kwenye gari la nyuma, kumpa gurudumu lao likipasuka lake, na wakiisha kabisa wabaki nyuma wajifikie watakavyofika. Majina yao hayatangazwi. Froome mwenyewe mwaka 2012 aliifanya kazi hiyo kumtumikia Bradley Wiggins, na siku moja mlimani aliambiwa apunguze mwendo ingawa nguvu alikuwa nazo, akapunguza, akamaliza Tour akiwa wa pili. Sisi watu wa majahazi hilo twalijua vyema. Jahazi likifika salama kutoka Basra, sifa ni za nahodha, lakini aliyekesha akiteka maji yaliyoingia ndani ni nani?

Na mishahara yao ni ya daraja. Vikosi vya ngazi mbili za juu vina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa katika kanuni za chama cha dunia. Ngazi ya tatu, ambayo wao huiita ya Kontinenta, haina. Hapo mmoja hulipwa kitu, mwingine hupewa baiskeli, chakula na tikiti ya ndege akaambiwa ashukuru. Na hiyo ngazi ya tatu ndiyo aghalabu mlango wa kijana wa kwetu, ikiwa kwanza amepewa viza. Baiskeli moja ya mabingwa, msomaji, bei yake yapita pikipiki kadhaa za boda boda.

Suleiman Kangangi aliupita mlango huo. Kwa miaka kadhaa alikuwa katika kikosi cha Bike Aid cha Ujerumani, cha ngazi hiyo hiyo ya tatu, na mwaka 2017 akawa wa tatu katika Tour du Rwanda, jambo kubwa kwa Mkenya. Nimelipenda jina lake tangu nilipolisoma mara ya kwanza. Sote tuliofundishwa visa vya manabii tukiwa tumekaa mikekani twajua kwamba Suleiman ndiye aliyetiishiwa upepo, ukawa ni chombo chake cha asubuhi na jioni. Huyu Suleiman wetu upepo hakutiishiwa. Alipambana nao kwa kifua. Baadaye akawa nahodha wa kikosi kilichoitwa Amani, cha vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda, akiwafundisha wadogo zake mambo ambayo yeye hakuwa na wa kumfundisha: namna ya kula njiani, namna ya kukaa katikati ya kundi, namna ya kuongea na wazungu wenye vikosi bila ya kujidhalilisha.

Tarehe 27 Agosti 2022, katika jimbo la Vermont huko Marekani, katika mashindano ya njia za changarawe, alianguka akiwa katika mwendo mkali, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Na si yeye wa kwanza. Mwaka 2013 John Njoroge wa Kenyan Riders alikufa mashindanoni kule Ufilipino. Siku habari ya Kangangi ilipofika niliandika beti moja nikaifungia mtotoni mwa meza. Usiku ule Sirisia nikaisoma, kwa kuwa kijana alinitazama kama mtu anayengoja nimkanye sasa:

Mpanda wa mlimani, upepo kiukabili,
Wenzako walo kundini, ukawakinga kwa mwili,
Umekufa ugenini, mbali na wako ahali,
Twauliza wa nchini, nani mwenye deni hili?

Rafiki yangu akasema, “Umeona? Hata Ustadhi asema ni kifo.”

Sikusema hivyo, nikamwambia. Pikipiki nayo yaua, tena yaua kila wiki barabara hii hii bila ya mtu kutunga ubeti. Nilichouliza ni la deni.

Maana mimi nimelitazama jambo hili nikaona kwamba tunajidanganya kwa neno “kipaji”. Kila akitokea mmoja twasema ana kipaji, kana kwamba ameokota. Kipaji kimejaa njia ya Sirisia asubuhi, chapanda mwinuko na gunia. Kinachokosekana ni mashindano. Mkimbiaji wa Kenya ana ngazi ya kupanda: huanza shuleni, akaenda kaunti, akaenda kanda, na akionekana, Polisi au Magereza au Jeshi humwajiri, akawa na mshahara na cheo huku akifanya mazoezi. Akivunjika mguu ana kazi ya kurudia. Natamani mlango huo ufunguliwe pia kwa wapanda baiskeli, kwani hawa ndio wanaovunjika zaidi. Badala yake, karibu kila aliyefika mbali katika mchezo huu ameshikwa mkono na mgeni mwenye moyo mwema: Msingapuri huyu, Mjerumani yule. Nawashukuru. Lakini mgeni mwema ni kama mvua ya mwezi mkavu, hailimiwi shamba.

Angalieni Rwanda. Tour yao ilianza mwaka 1988, ikapitiwa na maafa ambayo kila mtu ayajua, ikarudi, na tangu mwaka 2009 ikawa ni mashindano ya kimataifa kila mwaka bila ya kukosa. Septemba 2025 Kigali ikayapokea mashindano ya dunia, mara ya kwanza kufanywa katika bara letu. Eritrea nao, nchi ndogo, Waitalia waliwaachia baiskeli kama Waingereza walivyotuachia chai, nao wakaishika wakaifanya yao. Jumapili mtu huko hutoka na watoto kutazama mashindano kama sisi tunavyokwenda kutazama mpira. Matunda yake ni Biniam Girmay, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France akavaa fulana ya kijani mpaka mwisho. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja kabla yake. Sasa niambieni, miguu ya Asmara na miguu ya Sirisia ina tofauti gani? Milima wanayo, na sisi tunayo. Wao wana Jumapili.

Sihitaji kuambiwa kwamba Bungoma ina shida kubwa kuliko baiskeli. Najua. Lakini kufunga barabara ya kutoka Chwele mpaka Lwakhakha asubuhi moja kila mwezi, polisi wawili wakasimama njia panda, gari la wagonjwa likafuata nyuma, na mfanyabiashara mmoja akatoa magunia mawili ya mbolea kuwa zawadi, hiyo ni gharama ya mkutano mmoja wa siasa. Pengine hata hauhitimu mkutano, ni gharama ya hema zake. Na bima. Chuoni tulifunzwa kwamba ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali. Tunawatuma vijana kwenye mteremko ngamia hajafungwa, wakianguka tukasema ni kudura.

Hayo niliyasema kwa ukali, nikasahau kwamba niliowaambia ni mzee mwenye ng’ombe mmoja wa kuuza na kijana mwenye baiskeli mbili kuukuu. Wakanitazama. Rafiki yangu akauliza kwa upole, “Sasa Ustadhi, mimi nikafunge barabara?”

Hakulala mtu mapema usiku ule. Kijana alinitolea ile baiskeli yake ya pili, ya mashindano, aliyoinunua mtumba kwa fedha ya kubebea mahindi. Imechujuka rangi, lakini mnyororo wake unang’aa kama upanga. Alinionyesha daftari: kila siku ameandika njia aliyopita na dakika alizotumia. Ilikuwa mwandiko mzuri, wa mtu mwenye subira. Nikamwuliza, ukifika thelathini hujapata kikosi, utafanya nini? Akasema atatengeneza baiskeli, kwani fundi ameshakuwa. Nikamwuliza, ukianguka? Akasema, “Mzee, nimeshaanguka,” akapandisha suruali akanionyesha goti. Baba yake hakuwa amelijua lile kovu. Nililiona hilo usoni pake, nikanyamaza.

Alfajiri, baada ya kuswali, nilikuwa tayari kuondoka. Kituo cha matatu ki mbali kidogo, na kijana akasema atanipeleka kwa Black Mamba. Nikakalia kile kiti cha nyuma chenye sponji, mfuko wangu mapajani, mtu wa miaka hamsini na zaidi, nimeshika kiuno cha mtoto. “Usijitikise, Mzee,” akaniambia. Kupanda tulipanda kama tunavutwa kwa kamba. Tulipofika kileleni tukaanza kuteremka, nikasikia upepo masikioni, nikaisoma kila sura niliyoihifadhi. Chini kabisa palikuwa na ng’ombe barabarani. Alifunga breki, nikasikia chuma chakwaruza chuma. Tulisimama, lakini tulisimama tukiwa karibu mno na pembe.

Nikamwuliza na ile nyingine, ya mashindano, breki zake zi hali gani. Akacheka, hakujibu.

Jioni nikiwa safarini rafiki yangu akanipigia simu. “Ustadhi, umemkanya?”

Nikamwambia nimemwachia fedha ya breki, za baiskeli zote mbili, na ya kofia ya chuma ikibaki.

Akanyamaza sana, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kofia hizo huuzwa wapi.